Usimpime Frontosa Akiwa Dukani

Wateja wangu wengi huja na kipimo cha ukuta. "Fundi, nina futi tatu kati ya televisheni na dirisha, nitengenezee tangi la kuingia hapo." Samaki keshanunuliwa, yumo kwenye ndoo, mdogo kama kidole. Mimi ni fundi wa vioo hapa Dar es Salaam, mzaliwa wa Kigoma, na kabla sijashika futi kamba huuliza: samaki gani huyo?

Akiwa ni frontosa, mazungumzo yanaanza upya. Huyu ni wa kwetu, Ziwa Tanganyika. Mwili wake ni mweupe wenye rangi ya buluu na milia myeusi, na akikomaa huota nundu kwenye paji la uso, hasa dume. Wa Kigoma wana milia saba, wa upande wa Burundi sita. Dukani utamkuta ana sentimita tano. Dume mzima hufika sentimita 30 na kuzidi, na akitunzwa anaishi zaidi ya miaka 15.

Hesabu ya tangi ni rahisi. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000, umepata lita. Tangi la futi tatu, yaani 90 kwa 45 kwa 45, linabeba kama lita 182. Sasa mtie humo samaki wa sentimita 30 halafu mwambie ageuke. Na frontosa hukaa kwa kundi, dume mmoja na majike kadhaa. Kwa kundi hilo mimi sishuki chini ya futi sita kwa mbili kwa mbili, takriban lita 648, pungufu kidogo ukishapanga mawe. Maji peke yake ni kilo mia sita na kitu. Jumlisha vioo vya milimita 12, mawe na meza ya chuma, unapita kilo 800. Anayeishi ghorofani amwulize kwanza mtu anayeijua sakafu yake.

Hapo ndipo mama mmoja wa Mbezi aliponijibu, "Lakini fundi, si wanasema samaki hukua kadiri ya tangi lake?" Wanasema, na wanaosema zaidi ni wauzaji. Nilimwambia, mama, samaki akidumaa ni kwa sababu anaishi kwenye uchafu wake na hana pa kuogelea. Mara nyingi hukonda, mwili hupinda, na hufa mapema kabla hajafika umri wake.

Uchafu wenyewe ni amonia, ambayo samaki huitoa hasa kupitia matamvua. Bakteria waliomo kwenye kichujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo kali sana. Ila maji ya Tanganyika yana pH ya karibu 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Ndiyo maana kumbana frontosa ni hatari kuliko kumbana samaki wa maji laini. Na umeme ukikatika, kichujio kikanyamaza, tangi kubwa lenye samaki wachache hukupa muda. Dogo lililojaa linaanza kukosa hewa mapema. (Wengine husikia kuwa maji ya Tanganyika ni "magumu" wakamwaga chumvi ya jikoni. Ugumu wa ziwa letu unatokana na madini kama magnesi na kabonati. Chumvi ya mboga haihusiki.)

Kuhusu majirani wa frontosa tangini, angalia mdomo. Ziwani frontosa huwinda alfajiri, wakati samaki wadogo hawajachangamka, na humeza kinachoingia kinywani. Neoni wa Amazon wataisha usiku mmoja, tena hata maji yao ni tofauti. Mbuna wa Ziwa Nyasa hawaliwi kirahisi, lakini ni wakorofi na wepesi wa kula. Frontosa ni mpole na mzito, atashinda na njaa pembeni. Trofeusi ni wa Tanganyika kama frontosa, ila wao ni walaji wa mwani, na chakula chenye nyama nyingi anachopewa frontosa huwavimbisha tumbo.

Anayefaa ni gogogo mwenye madoa, yule ambaye wataalamu humwita Synodontis multipunctatus. Ana miiba, anatafuta makombo chini, wala hababaiki na wakubwa. Lakini ana hila. Frontosa jike huatamia mayai mdomoni; wakati anayataga, gogogo hupenya na kutaga yake papo hapo. Jike huyaokota yote. Vifaranga vya gogogo huanguliwa mapema, kisha huwala wenzao humo humo kinywani. Ukitaka kuzalisha frontosa, usimweke. Ukitaka tangi la kutazama tu, mweke.

Mama wa Mbezi hakuwa na futi sita, na hakuna aibu katika hilo. Nilimtengenezea lile la futi tatu, frontosa akarudi dukani. Tulitia mchanga, makombe matupu ya konokono na kundi la Neolamprologus multifasciatus, samaki wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe hayo na ambao dume lao halifiki sentimita tano. Nawe kama ukuta wako ni wa futi tatu, anzia hapo.