Mwitikio wa Chanjo: Istilahi za Jeni na Kinga katika Tafsiri za Afya

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri wa maandishi ya afya hukutana nayo mara kwa mara, neno "mwitikio" ni mojawapo ya yale yaonekanayo mepesi, kumbe yanaficha mtego. Magazetini tunasoma kwamba "mwitikio wa chanjo umekuwa mdogo" mahali fulani, na kila msomaji huelewa kuwa watu hawakujitokeza vya kutosha kuchanjwa. Katika maandishi ya elimu ya kinga, maneno hayo hayo huwa na maana nyingine kabisa: watu wamechanjwa, lakini miili yao imetengeneza kinga kidogo. Maana ya kwanza inahusu hiari ya mtu; ya pili inahusu kazi ya mwili ambayo mwenyewe hana amri nayo. Mfasiri asipozitenga maana hizi, humtwisha mtu lawama ya jambo asilolitenda.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi tofauti za jeni baina ya watu zinavyoweza kuathiri mwitikio wa miili yao kwa chanjo ya influenza, na papo hapo kupima istilahi zinazohitajiwa ili jambo hilo lielezwe kwa Kiswahili bila ya utata.

Tuanze na jina la ugonjwa. Neno "mafua" katika mazungumzo ya kila siku hujumlisha maradhi mengi ya pua na koo, ambayo husababishwa na virusi vya aina mbalimbali. Influenza ni ugonjwa mmoja mahususi, wenye virusi vyake, na chanjo yake haizuii mafua mengine. Mtu aliyechanjwa kisha akapata mafua ya kawaida husema kwamba chanjo imemdanganya. Kwa hiyo twaona yafaa kuandika "chanjo ya influenza" katika maandishi rasmi, na kuliachia neno "mafua" maana yake pana.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya chanjo. Chanjo ya influenza iliyo ya kawaida huingiza mwilini protini za virusi, hasa ile iitwayo hemaglutinini, ambayo virusi huitumia kushika seli. Kitu cha namna hiyo, chenye kuuamsha mfumo wa kinga, huitwa "antijeni". Seli za ulinzi huimeza antijeni, huikatakata, na kuvitoa vipande vyake nje, juu ya utando wa seli, ili seli nyingine za kinga zivikague. Zikivitambua, huzisaidia seli zitengenezazo "kingamwili", yaani protini zinazomnata adui na kumzuia. Hapa tukumbushe kwamba "kinga" na "kingamwili" si neno moja. Kinga ni hali nzima ya kujilinda. Kingamwili ni silaha moja katika ghala hilo.

Vile vipande vya antijeni havitoki nje vyenyewe. Hubebwa na molekuli maalumu ambazo wataalamu huziita HLA, na jeni za molekuli hizo zimo katika kromosomu ya 6. Hapa ndipo tofauti za watu zinapoingia. Neno "jeni", lililoanza kutumiwa na Wilhelm Johannsen wa Denmark mwaka 1909, lataja kipande cha urithi chenye maagizo ya kazi fulani. "Aleli" ni kila sura moja ambayo jeni ile ile yaweza kuwa nayo. Mwalimu aweza kutoa mfano wa makundi ya damu: jeni ni moja, lakini aleli zake ni A, B na O. Jeni za HLA zina aleli maelfu. Kila sura hushika baadhi ya vipande vizuri na vingine vibaya. Hivyo chanjo ile ile yaweza kuoneshwa kwa ufasaha katika mwili mmoja na kwa kigugumizi katika mwili mwingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwalinganisha waliochanjwa wakapata kingamwili za kutosha na wale ambao miili yao haikuitikia. Aleli iitwayo HLA-DRB1*07 ilionekana zaidi katika kundi la pili. Hapa mfasiri awe mwangalifu. "Ilionekana zaidi" si sawa na "ilisababisha", wala si kusema kwamba kila mwenye aleli hiyo hatapata kinga.

Kiwango cha kingamwili nacho huandikwa kwa namna inayowababaisha wengi. Tukisoma 1:40, maana yake ni kwamba seramu, yaani majimaji ya damu, iliyozimuliwa mara 40 bado inaweza kuzuia virusi visigandishe pamoja chembe nyekundu za damu. Kwa desturi, kiwango hicho huhesabiwa kuwa ndipo hatari ya kuugua hupungua kwa kiasi cha nusu. Si ukuta usiopenyeka. Kitenzi "kuzimua" tunacho tangu zamani, na hakuna haja ya kuazima kingine.

Je, jeni ndizo zenye neno la mwisho? La, sivyo. Mwaka 2015 ulichapishwa uchunguzi wa mapacha 210, yaani jozi 105, baadhi yao wakiwa mapacha wa yai moja wenye jeni zinazofanana, na wengine wa mayai mawili. Kama urithi ungetawala, mapacha wa yai moja wangalikaribiana mno katika mwitikio wa chanjo ya influenza kuliko wenzao. Ilionekana kwamba sehemu ya urithi katika mwitikio huo ni ndogo sana, na watafiti walielekeza kwenye mambo ambayo mtu hukutana nayo maishani, kama vile virusi na chanjo za miaka iliyopita. Umri nao una uzito wake: wazee kwa kawaida huitikia kwa udhaifu zaidi, na ndiyo maana mwaka 2009 Marekani iliidhinisha kwa wenye miaka 65 na zaidi chanjo yenye antijeni mara nne ya ile ya kawaida. Matokeo ya mwaka 2002 na ya mwaka 2015 hayapingani. Aleli moja yaweza kuwa na athari ya kweli, na bado athari hiyo ikawa ndogo ikilinganishwa na mengine yote.

Limebaki kosa ambalo tunaliona kuwa la hatari kuliko yote, nalo ni kufasiri "tofauti za kijeni" kwa maneno kama "tofauti za damu", "za ukoo" au "za kabila". Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kurithi seti zote mbili za HLA zinazofanana. Ikiwa watoto wa nyumba moja hutofautiana hivyo, hakuna haki ya kuandika kwamba chanjo "haiwafai watu wa kabila fulani". Sentensi ya namna hiyo ikiingia katika waraka wa ofisi, yaweza kuwanyima watu huduma, au kuwapa sababu ya kuikimbia.

Kwa hayo, tunapendekeza yafuatayo. Idadi ya watu waliokwenda kuchanjwa iitwe "kujitokeza kwa watu". Kazi ya mwili iitwe "mwitikio wa kinga", wala neno "mwitikio" lisiachwe peke yake. "Jeni" litumike kwa kipande cha urithi, na "vinasaba" libaki katika matumizi yake yaliyozoeleka ya vipimo vya kutambua nasaba. Badala ya kuandika "wasioitikia chanjo", tuandike "waliochanjwa ambao mwitikio wao wa kinga ulikuwa hafifu". Maneno yameongezeka, ni kweli. Lakini karani atakayeisoma sentensi hiyo hatamwandika katika orodha ya waliokataa chanjo mtu ambaye mkono wake ulikwisha kupigwa sindano.