Bunduki Rahisi ya Nyati: Tazama Mtambo Kwanza

Msomaji, wengi wetu tukaao Likoni tuna mashamba au ndugu huko Matuga na Kwale, karibu na Hifadhi ya Milima ya Shimba, na tembo wa huko hawajui mpaka wa mahindi. Ndiyo sababu katika ofisi yetu ya kilimo mara kwa mara huja mtu akauliza: "Karani, asiye na fedha nyingi anunue bunduki gani ya wanyama wakubwa?" Swali hili lina majibu mawili, la fundi na la sheria. Yafaa uyajue yote mawili.

Tuanze na la fundi. Jirani yangu mmoja mzee alikuwa askari wa wanyama zamani. Siku moja alitumwa kumfuata nyati aliyejeruhiwa, naye alishika bunduki kuukuu ya komeo. Alipiga risasi ya kwanza, akavuta komeo kwa haraka, akalisukuma bila kulifikisha mwisho, akalivuta tena. Risasi ya pili ilibaki ndani, ya tatu ikaja kuigonga kwa nyuma, na mtambo ukakwama. "Mwanangu," aliniambia, "nilibaki na fimbo tu mkononi." Aliokolewa na mwenzake aliyekuwa kando.

Kosa lilikuwa wapi? Mtutu ulikuwa mzima na risasi zilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa katika mtambo, yaani ile sehemu iingizayo risasi, iifungiayo wakati wa kulipuka, na kulitoa ganda lake. Mitambo ya komeo ni ya namna mbili. Katika namna ya kwanza, komeo huisukuma risasi mbele tu, na haliishiki mpaka lifungwe kabisa. Namna ya pili ina ukucha mpana wa chuma ubavuni mwa komeo. Ukucha huo huishika risasi mara itokapo katika magazini, wala hauiachi mpaka itupwe nje. Mtu akibabaika katikati, risasi ile ile hurudi nyuma pamoja na komeo. Mtambo huu ulikamilishwa na Paul Mauser wa Ujerumani mwaka 1898, na wengi wameuiga tangu hapo.

Bunduki ya mitutu miwili haina komeo la kuvuta, na risasi yake ya pili i tayari. Lakini kuilinganisha mitutu hiyo ipige mahali pamoja ni kazi ndefu ya mkono, na bei yake ni ya matajiri. Kwa mtu wa kawaida njia ni Mauser. Mwaka 1905 Otto Bock wa Berlin alitengeneza risasi ya 9.3x62, kusudi iingie katika mtambo wa Mauser wa urefu wa kawaida, na hivyo wakulima na wawindaji katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika wakapata bunduki yenye nguvu kwa bei nafuu. Risasi ya .375 ya Holland & Holland, ya mwaka 1912, ni ndefu zaidi na hutaka mtambo mrefu ulio ghali. Mwaka 1956 Winchester wa Marekani walitoa .458, nene na nzito, lakini fupi ya kutosha kwa mtambo wa kawaida.

Basi anunuaye bunduki iliyokwisha tumika na afanye hivi:

Kwanza, atie risasi za bandia zisizo na baruti. Avute komeo polepole, kisha kwa nguvu, kisha asimame katikati na kurudi nyuma. Ikikwama mara moja tu, aiache.

Pili, asidanganywe na jina. Winchester Model 70 ilianza mwaka 1936 ikiwa na ule ukucha mpana. Mwaka 1964 ukaondolewa, na baada ya miaka mingi ukarudishwa. Atazame komeo lenyewe.

Tatu, akatae mtambo mfupi uliochongwa ndani ili kupokea risasi ndefu. Chuma kilichopunguzwa kimepunguzwa nguvu.

Nne, fundi mwenye leseni apime jinsi komeo linavyofunga. Anayetaka kupunguza gharama apunguze kwenye mbao na darubini, si kwenye mtambo.

Sasa jibu la sheria. Hapa Kenya uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 inaendelea kuukataza. Ng'ambo ya Lunga Lunga, katika Tanzania, uwindaji wa leseni unaruhusiwa, na huko elimu hii humfaa mwenye kibali. Lakini wewe mwenye shamba la Matuga, hata ukipata bunduki iliyo bora kuliko zote, huna ruhusa ya kumpiga tembo aliye katika mahindi yako. Kazi hiyo ni ya askari wa Huduma ya Wanyamapori, KWS.

Kwa hiyo uwaite mapema, unapoona nyayo za kwanza, si baada ya shamba kuliwa. Usimkaribie tembo usiku kwa tochi na kelele ukiwa peke yako. Mimea ikiharibiwa, usiing'oe mabaki: piga picha, waite maofisa waje kuona, kisha ujaze fomu ya fidia, kwa maana sheria hiyo ya mwaka 2013 inatoa nafasi ya kudai. Ukikwama katika kujaza, njoo ofisini kwetu, nasi tutakusaidia.

Yule mzee jirani yangu ana shamba Kwale mpaka leo, wala hana bunduki. Namba ya simu ya KWS ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango wake. Nawe ndugu msomaji, iandike yako leo, kabla mahindi hayajaanza kubeba.