Uvira: Umeme ukikatika, barua pepe ya tahadhari inaishia wapi?

Mjini Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, umeme ukikatika pampu za Regideso husimama na mabomba hukauka. Wakazi hubeba madumu na kurudi ziwani na mitoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la PLOS Medicine ulionyesha hatari yake: baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12, ikilinganishwa na siku yenye maji ya kutosha.

Umeme huohuo ndio unaowasha vifaa vya intaneti. Hivyo, siku ambayo taarifa kutoka kituo cha afya inahitajika zaidi, ndiyo siku ambayo barua pepe inaweza kukwama.

Kwa mwandishi wa programu, tatizo la kwanza ni kusubiri. Programu ikituma barua kwa njia ya kawaida, muuguzi anayesajili mgonjwa hungoja mpaka seva ya mbali ijibu. Mtandao ukiwa dhaifu, skrini huganda na foleni hurefuka. Maktaba za programu kama aiosmtplib, ya lugha ya Python, husaidia hapa: barua hushughulikiwa pembeni huku usajili ukiendelea.

Lakini kutosubiri si kufika. Barua iliyo kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta hupotea kompyuta inapozimika, na hakuna anayejua. Dawa ni kuihifadhi kwanza kwenye diski, kisha kuituma, na kuiwekea alama ya "imetumwa" pale tu seva inapojibu 250, yaani imepokea. Jibu linaloanza na 4 maana yake jaribu tena baadaye. Linaloanza na 5, imekataliwa.

Kanuni za SMTP, mfumo unaosafirisha barua pepe tangu miaka ya 1980, zinashauri kungoja angalau nusu saa kabla ya kurudia, na kutokata tamaa kabla ya siku 4 au 5.

Kwa barua ya kawaida, huo ni uvumilivu mzuri. Kipindupindu kisichotibiwa huweza kuua ndani ya saa chache. Ndiyo maana programu nzuri haifichi barua zilizokwama: huzionyesha kwenye skrini, ili muuguzi achukue simu na kupiga.