Ngazi za Uluguru na Maji ya Chini ya Udongo

Milima ya Uluguru, iliyo kusini mwa mji wa Morogoro na yenye vilele vinavyopita mita 2,600, huzuia pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi na kuzilazimisha kupanda, kupoa na kumwaga mvua, na ndiyo maana Mto Ruvu, tegemeo kuu la maji la Jiji la Dar es Salaam, huanzia humo. Mvua hiyohiyo huiondoa ardhi ya milima hiyo kwa njia mbili ambazo hazina budi kutofautishwa.

Njia ya kwanza ni mmomonyoko wa juujuu, ambapo matone hupasua udongo ulio wazi na maji yanayotiririka huchukua tabaka la juu lenye rutuba kidogo kidogo, msimu baada ya msimu. Ya pili ni maporomoko ya ardhi, yaani kuteleza kwa kipande kizima cha mteremko: maji yaliyozama hujaa katika vinyweleo vya udongo, huuongezea uzito na kupunguza mshikamano wa chembe zake, hata udongo ukakatika juu ya mwamba na kushuka kwa mara moja.

Serikali ya kikoloni iliiona njia ya kwanza tu. Katika miaka ya 1950 iliwashurutisha Waluguru, wenyeji wa milima hiyo, kuchimba matuta ya ngazi, ambayo hupunguza kasi ya maji na kuyapa nafasi ya kuzama. Kazi ilikuwa nzito, na uchimbaji ulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, hivyo mazao yakapungua. Mwaka 1955 wananchi walifanya ghasia na mpango ukaachwa. Upinzani huo, ambao maofisa wengi waliuita ukaidi, ulikuwa na hoja ya kitaalamu ndani yake, kwa kuwa tuta linalozamisha maji kwenye mteremko mkali wenye udongo mwembamba laweza kuharakisha maporomoko yenyewe.

Ushahidi wa nguvu ya maporomoko ulionekana katika eneo la Mgeta, milimani humo, mwezi Februari 1970, mvua kubwa ya saa chache ilipoangusha vipande zaidi ya elfu moja vya miteremko. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp walibaini kwamba karibu maporomoko yote yalitokea mashambani na kwenye nyasi, na machache mno msituni, ambako mizizi mirefu hupenya na kuushona udongo kwenye tabaka za chini.

Miti, basi, ndiyo kinga ya miteremko mikali, lakini kila eneo linalopandwa miti hupunguza shamba la mtu ambaye tayari ana kipande kidogo, ilhali faida yake, yaani maji yasiyo na tope, huonekana zaidi bondeni. Kwa kutambua hilo, mashirika ya CARE na WWF yalijaribu Uluguru, katika miaka ya 2000, utaratibu wa watumiaji wa maji ya Ruvu kuwalipa wakulima wa milimani wanaohifadhi ardhi.