Giza la Pango, Giza la Nyumbani

Hivi, mwenzi wako akinyamaza, wewe kichwani unachora nini?

Mimi nilichora mwanamke. Mume wangu alikuwa na miezi miwili anarudi usiku, anakula kimya, analala. Huyo mwanamke nilishampa mpaka rangi ya kucha!

Mwezi Juni tulikwenda Karatu kwenye kipaimara cha mpwa wake. Kesho yake tukaenda kuona Mapango ya Tembo, kwenye msitu wa Ngorongoro, upande wa juu wa Ganako. Malipo nilitoa mimi. Yeye aliangalia pembeni. Tukapanda na mwongoza wageni pamoja na askari mwenye bunduki, maana nyati wamo.

Nilitegemea pango la mizimu. Kumbe ni kazi ya tembo! Wanachimba ukuta kwa pembe zao na kula ule udongo kwa ajili ya madini, miaka nenda rudi, mpaka kilima kimetoboka.

"Dada, watu wakikuta shimo, lazima walijaze hadithi," alisema mwongozaji akicheka.

Ni kweli. Kule Kondoa, mababu walichora watu na wanyama kwa rangi nyekundu kwenye mapango ya miamba, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia. Mengine wenyeji bado wanafanyia matambiko. Hapohapo wilayani Karatu, kwenye pango la Mumba karibu na Ziwa Eyasi, wataalamu walifukua shanga za maganda ya mayai ya mbuni, za makumi ya maelfu ya miaka. Yaani mtu alikaa chini ya mwamba akatoboa shanga, akiwaza atapendezaje, au atampa nani.

Wenzetu walipotangulia nje, nikashindwa kuvumilia. "Ni nani huyo?"

"Nani?" Akanitazama muda mrefu. "Kazi iliisha Aprili. Kila asubuhi navaa tai, naenda kukaa maktaba. Niliona ukijua, utafungasha."

Kumbe naye alikuwa na mchoro wake: mimi, na begi mlangoni. Nikalia, halafu nikacheka.

Tulirudi Arusha na shida ileile, kodi ya nyumba ikitusubiri. Lakini usiku ule tulikaa mezani na kalamu, tukapiga hesabu pamoja.

Msomaji, giza likiingia nyumbani kwako, usikimbilie kuchora. Uliza kwanza.