Mwanafunzi mwenye mtoto mgongoni: tumpe saa, siyo maneno tu

Mwezi huu ukurasa wa familia unazungumza juu ya mtu tunayemwona njiani kila asubuhi: yule dada anayekwenda chuoni na daftari mkononi na mtoto mgongoni. Tunamwona, tunamsalimia, tunapita.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita jirani yangu, binti wa kutoka Fizi, alikuwa anasoma diploma kwa njia ya intaneti. Mtoto wake alikuwa na miezi minane. Jioni moja alikuja akasimama mlangoni kwangu, akasema: "Mama, kesho niko na mtihani saa nne. Unishikie mutoto, masaa mawili tu."

Nilikuwa nimetoka kuteka maji, mgongo unauma. Nikamjibu: "Kesho ni siku ya mgawo, mwanangu. Na hata hivyo, hiyo masomo itakupa bugali?" Alicheka kidogo, akasema asante mama, akaenda.

Kesho yake akaenda na mtoto darasani. Mtoto akalia. Wenzake wakageuka kumwangalia. Akatoka nje kumnyonyesha, akarudi. Mtoto akalia tena, akatoka tena. Mara ya tatu hakurudi. Hakuna mtu aliyemfukuza. Alifunga mbeleko yake, akashuka nyumbani, na muhula uliofuata hakujiandikisha.

Mimi siku ile nilikaa kwenye foleni ya mgawo masaa matano, mikono mitupu. Yule mtoto ningeweza kukaa naye palepale kwenye foleni. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

MLANGO NI MDOGO, TUSIUFUNGE WENYEWE

Kambi yetu ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza zamani. Ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000 hivi. Leo tumepita 50,000. Malawi ilipoingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka vizuizi vyake, na kati yake kuna mambo ya kutembea, kazi na elimu. Ndiyo maana kijana wetu hawezi kuamka tu asubuhi akaenda kusoma chuo Lilongwe, ingawa mji hauko mbali hata kilomita 50.

Mwaka 2010 masomo ya chuo yaliletwa humu ndani kwa njia ya kompyuta, katika mpango wa Wajesuiti, na diploma ilitolewa na Regis University ya Marekani. Wakati huohuo mpango kama huo ulianza pia Kakuma, Kenya. Njia nyingine inayojulikana ni msaada wa DAFI, ambao tangu mwaka 1992 unalipia wakimbizi masomo ya chuo kwa fedha za serikali ya Ujerumani, kupitia UNHCR.

Pamoja na hayo, mwaka 2019 UNHCR ilihesabu kwamba kati ya vijana wakimbizi 100 duniani, waliofika chuo walikuwa 3 tu. Lengo lililowekwa ni kufikia 15 kwa 100 ifikapo mwaka 2030. Hesabu imepanda tangu hapo, lakini bado ni wachache. Kwa hiyo mtu wa kambini anapopata nafasi ya chuo, amepita kwenye tundu la sindano. Akiiacha kwa sababu hakuna wa kumshikia mtoto, tumepoteza kitu ambacho hakirudi kwa urahisi.

Wengine husema: "Umeshazaa, masomo yameisha." Hayo ni maneno ya mtu tu. Hapa Malawi, tangu mwaka 1993 kuna sera inayomruhusu msichana aliyezaa kurudi shuleni. Kama nchi inamrudisha msichana wa sekondari, sisi majirani tunamzuia mama wa chuo kwa sheria gani?

AKILI IPO, KINACHOKOSEKANA NI SAA

Tuhesabu pamoja siku ya mama huyu. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye foleni ya bomba la maji. Saa moja anawasha moto, anapika uji. Halafu kufua, kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, kutafuta mkaa, kutwanga sombe. Mgawo umepunguzwa mara kadhaa miaka hii, kwa hiyo wengi wanauza vitu vidogo sokoni ili siku iishe. Jioni mtoto anataka kuoga, kula, kulala. Saa tatu za usiku ndipo mama anafungua daftari. Umeme umekatika, bando limeisha, macho yanafunga.

Mtu kama huyo akipata alama mbaya tunasema hana kichwa. Kichwa anacho. Hana saa.

Na kuna shimo moja ambalo wengi hawalioni. Shule za malezi za jamii hapa Malawi, zile zinazoitwa CBCC, hupokea watoto wa miaka 3 hadi 5. Mtoto wa chini ya miaka 3 hana pa kwenda ila mgongo wa mama yake. Ile diploma ya intaneti ilichukua karibu miaka mitatu. Mama akianza na mtoto mchanga, masomo yake yote yanaangukia ndani ya shimo hilo. Mtoto akifika umri wa kupokelewa, nafasi ya mama imeshapewa mtu mwingine.

Hapo pesa nyingi haihitajiki kwanza. Inahitajika mikono ya watu, kwa saa zinazojulikana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MAMBO MATANO YANAYOWEZEKANA HAPA HAPA

1. Tupange saa, zijulikane na kila mtu. "Nitakusaidia nikipata nafasi" si msaada, maana nafasi haipatikani. Semeni: Jumatatu mpaka Ijumaa, saa nane mpaka saa kumi, mtoto yuko kwa fulani. Saa mbili kwa siku ni saa 10 kwa wiki. Kwa wiki 12 ni saa 120. Kwa saa 120 mtu anaandika kazi zake zote za muhula na kulala usiku kama binadamu.

2. Akina mama watatu washike zamu. Kama wanafunzi wenye watoto ni watatu katika kijiji kimoja, mmoja akae na watoto wote watatu huku wawili wanasoma. Kesho abadilike mwingine. Msizidi watoto wachache, na wadogo sana msiwachanganye wengi kwa mtu mmoja. Mkeka, maji safi, uji kwenye kikombe chenye mfuniko, na mtu ambaye macho yake hayaendi kwenye simu. Hiyo inatosha kuanzia. Yaandikeni makubaliano kwenye karatasi: nani, siku gani, mtoto akiugua inakuwaje.

3. Maziwa ya mama yanaweza kubaki nyumbani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi. Wengi wanafikiri masomo na kunyonyesha haviendi pamoja. Vinaenda. Mama anawe mikono kwa sabuni, akamue maziwa kwenye chombo safi kilichochemshwa, akifunike, akiweke kivulini. Pasipo friji, na joto lisilozidi nyuzi 25, maziwa hayo hukaa mpaka saa 4. Siku za joto kali kama zile za Oktoba msingoje hata muda huo. Mpeni mtoto kwa kikombe kidogo. Kikombe ni rahisi kukiosha kuliko chupa. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa yamwageni. Mwenye wasiwasi amwulize nesi wa kituo cha afya.

4. Kalenda moja ukutani. Kazi na mitihani ya mama, pamoja na chanjo za mtoto, viandikwe kwenye karatasi moja. Chanjo za mwanzo zinajulikana mapema: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu ya surua miezi 9 na tena miezi 15. Angalieni kadi ya mtoto kwa tarehe zenyewe na nyingine zilizoongezwa. Chanjo ikiangukia siku ya mtihani, mkilijua mwezi mmoja kabla, baba au bibi atampeleka mtoto kliniki. Mkilijua asubuhi ileile, ni mama atakayekosa mtihani.

5. Kusema mapema chuoni. Dada, ukiwa mjamzito ao mtoto akiwa mgonjwa, mwambie mwalimu kabla ya tarehe ya kazi kupita, siyo baada yake. Uliza: naweza kuongezewa siku? Naweza kusimamisha muhula mmoja bila kupoteza nafasi? Jibu lipate kwa maandishi, ulitunze. Wengi wetu tunanyamaza kwa aibu, halafu tunatoweka. Aliyetoweka hahesabiwi kuwa na shida. Anahesabiwa kuwa ameacha.

KWA BABA WATOTO

Baba, tuseme wazi. Wengine mnaogopa: akisoma ataniona mimi si kitu, ataniacha. Hofu hiyo tunaielewa. Kambi imewanyang'anya wanaume wengi kazi waliyokuwa nayo nyumbani Congo, Burundi na Rwanda, na mtu aliyenyang'anywa huogopa kunyang'anywa tena. Lakini mke aliyesoma huku mumewe akimshikia mtoto, hatasahau nani alimshikia. Aliyesoma kwa ugomvi naye pia hatasahau.

Na wako akina baba ambao wenyewe ni wanafunzi. Baba mwanafunzi akirudi, watu wanasema "mnyamaze, baba anasoma." Mama mwanafunzi akirudi, sufuria inamngoja. Kama wote wawili mnasoma, gawaneni jioni: leo mmoja anasoma mwingine anaogesha mtoto, kesho mnabadilishana. Kumfunga mtoto mgongoni hakumpunguzii mwanaume kitu. Wakati wa kukimbia vita wangapi mlibeba watoto wenu siku nyingi porini? Hakuna aliyecheka.

KWA MAMA MKWE NA BIBI

Sisi wakubwa ndio tunaoshikilia ufunguo wa nyumba. Mkamwana akisikia kwetu neno moja zuri, nyumba nzima inabadilika. Mama mmoja aliniambia: "Mimi sikusoma, nililea watoto saba, sikuomba msaada." Nikamwuliza, kule kijijini nani alikaa na watoto ulipokwenda shambani? Akafikiri, akasema: "Mama yangu. Na wadogo zangu. Na wake wenza wa mjomba." Basi, msaada tuliupata, hatukuuita msaada kwa sababu ulikuwa umetuzunguka. Hawa mabinti zetu wamelelewa kambini, ndugu wametawanyika, wengine walipelekwa Marekani, Kanada na Australia. Mama yake mzazi yuko kwenye simu tu. Asipotupata sisi, atampata nani?

KWA WALIMU NA VIONGOZI WA MASOMO

Tunawaomba mambo madogo. Kiti karibu na mlango kwa mama mwenye mtoto, ili atoke na kurudi bila kupita mbele ya watu wote. Kivuli na mkeka nje ya darasa ambapo mtu wa zamu anaweza kukaa na watoto. Ratiba itolewe mapema. Na mwanafunzi mwenye mtoto asipoonekana wiki mbili, mtu mmoja apige hodi nyumbani kwake kabla jina lake halijafutwa.

YULE BINTI WA FIZI

Karibu miaka miwili nilimwona akipita na beseni la nyanya kichwani. Siku moja nilimwendea mwenyewe. Nilimwambia: "Mwanangu, siku ile nilikukosea. Ukitaka kurudi, mutoto nitashika mimi." Hakujibu. Alianza kupanga nyanya zake upya, moja moja. Halafu akasema: "Mama, saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Hapo nilijifunza yote niliyoandika juu. Hakuuliza kama ninampenda, wala hakutaka nimwombe msamaha mara mbili. Aliuliza saa.

Nafasi yake ya kwanza ilikuwa imekwenda. Ilibidi aombe upya na asubiri, na akaanza tena na wenzake wadogo kuliko yeye. Sasa mtoto yuko kwangu saa nane mpaka saa kumi, na siku nikiwa sipo jirani wa pili anamchukua. Mtoto ananiita koko. Mama yake amebakiza muhula mmoja. Hatujui baada ya diploma kutakuwa na kazi gani, kwa maana vizuizi vya kazi bado vipo. Lakini jioni anapokuja kumchukua mwanawe, anakaa kidogo, ananisomea alichoandika siku ile, ananieleza kwa Kiswahili chetu. Kuna siku nabishana naye.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI JIONI HII

– Ni nani katika ukoo wetu au jirani zetu anayesoma huku analea mtoto?
– Saa zake za kusoma ni zipi? Kama hatuzijui, kesho tumwulize.
– Katika nyumba yetu, nani anaweza kutoa saa mbili, na siku gani?

Mkipanga zamu kijijini kwenu, mtuletee habari ya jinsi inavyokwenda, na shida zake pia, tuwagawie wengine katika toleo lijalo.