Pembe za Bwami: Sanamu zilizovuka bahari bila majina ya wenyewe

Kwa Wahunde wa Masisi, mwami ni mtawala. Lakini ukivuka Walikale kuelekea kusini hadi Shabunda, kwa Walega, mwami ni kila mwanachama wa Bwami, chama cha maadili na hekima ambacho watu hukipanda ngazi kwa ngazi. Majirani nao walikijua, wakiwemo Wakano wa Walikale.

Sanamu za pembe za ndovu zilikuwa za ngazi ya juu kabisa, Kindi. Ni ndogo, za kushikwa mkononi, na zilipakwa mafuta miaka mingi hadi zikapata rangi ya asali. Kila moja ilikwenda na methali yake. Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, hufundisha kutazama pande zote kabla ya kuamua.

Wataalamu wa sanaa ya Ulaya wakipewa sanamu ya pembe ya Yesu msalabani ya karne ya 17, ya mtindo wa baroque, huuliza kwanza: nani aliichonga, na alijifunza kwa nani? Kwa Mjerumani Georg Petel jibu linajulikana: alivutiwa na mchoraji Rubens.

Kwa Walega, mchongaji hakuwa na uzito huo. Swali lilikuwa nani anaimiliki. Mwenyewe akifariki, sanamu iliwekwa kaburini kwake kwa muda, kisha ikakabidhiwa jamaa aliyefikia ngazi yake. Hiyo ndiyo nasaba ya sanamu.

Nasaba hiyo ilikatwa. Mwaka 1948 utawala wa Ubelgiji uliipiga Bwami marufuku, na sanamu nyingi zikaishia mikononi mwa wafanyabiashara na wakusanyaji. Leo zimo katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji na Fowler mjini Los Angeles. Mtafiti Daniel Biebuyck, aliyeishi na Walega miaka ya 1950, aliandika mengi kuhusu ibada na methali zao, lakini sanamu nyingi hutambulishwa kwa neno moja tu: Lega.

Jambo hilo lina uzito sasa. Julai 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurejesha mali za enzi ya ukoloni zilizo mikononi mwa serikali yake kuu, baada ya uchunguzi wa asili yake. Zilizo kwa watu binafsi haziguswi.

Uchunguzi huo unahitaji wazee wanaokumbuka nani alirithi kutoka kwa nani. Na vita vya Kivu vinaendelea kuwatawanya wazee hao.